Kucha ya plau: shajara ya mtu aliyeanza kuchomelea kwa chuma kinene

6 Julai

Mjomba alipiga simu jana usiku kutoka kijijini, ng'ambo ya Kibaigwa, wilayani Kongwa. Yeye huanza na "mbukwa", salamu ya Kigogo, hata kwenye simu, na usipoitikia haendelei. Baada ya mifugo, watoto na bei ya alizeti ndipo akafika kwenye shida yake. Bwana shamba amewaonyesha ripa, kucha moja ya chuma inayofungwa kwenye fremu ya plau mahali pa bawa la kugeuzia udongo. Ng'ombe wanaivuta ardhi ikiwa bado kavu, inapasua lile tabaka gumu la chini, na mvua ya kwanza inazama shambani badala ya kukimbilia korongoni.

"Wewe si unajifunza kuchomelea? Nitengenezee, mjomba."

Ananiita mjomba, nami namwita mjomba. Sikuweza kukataa.

Ukweli ni kwamba "kujifunza" kwangu ni Jumamosi nne kwenye kibanda cha mzee fundi hapa Nkuhungu, Dodoma, nikishona madirisha ya skwea paipu yenye unene wa milimita moja na nusu. Siku nyingine zote mimi ni karani wa stoo. Ripa inataka flati ba, chuma bapa, ya unene wa milimita 12. Kwenye bomba jembamba hofu yangu ilikuwa kutoboa. Hapa hofu imegeuka: chuma kitatobolewa na nini?

Mashine sina. Akiba ni laki sita, na mke wangu anajua ni laki nne.

13 Julai

Nimezunguka maduka ya vifaa mjini tangu saa tatu hadi jua la utosi. Nilikuwa na swali moja: mashine ipi inaweza chuma cha milimita 12? Nikapata jibu moja kila duka: "Chukua hii ya 300, kaka, hii inachoma mpaka reli."

Hiyo ya 300 nimeinyanyua kwa vidole viwili. Mbele ina namba kubwa nyekundu, 300, na plagi yake ni ile ya kawaida ya pini tatu, ya pasi. Nikaigeuza kutafuta kibati cha maelezo. Kijana wa duka akacheka: "Huko nyuma hakuna anayesoma." Kibati kilisema mwisho ampea 140, kwa maandishi ya kusoma ukikodoa macho. Sikuinunua. Sikuwa nimeelewa bado, ila mtu wa stoo akikuta lebo ya boksi haifanani na kilichomo ndani, anarudisha boksi.

14 Julai

Leo baada ya kanisa nilikaa na daftari. Naandika hesabu hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoniokolea fedha.

Plagi ya pini tatu imetengenezwa kwa ampea 13. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha: wati 2,990, ndizo zote zinazoweza kupita pale bila kuichosha plagi. Mashine inapoteza sehemu kwa joto, tuseme asilimia 15, zinabaki kama wati 2,540. Sasa upande wa rodi: volti za mwali, ule moto wa umeme kati ya rodi na chuma, hukadiriwa kwa 20 kujumlisha ampea mara 0.04. Ukichoma kwa ampea 100 ni volti 24, yaani wati 2,400. Basi. Plagi ya pasi inakupa kama ampea 100 za kuchomelea, na hapo umeisamehe mashine mengi. Ampea 300 zingehitaji volti 32, wati 9,600 kwenye mwali, na karibu ampea 49 kutoka ukutani. Hiyo "300" ingetimiza ahadi yake, soketi ya nyumba ningeikuta imeyeyuka kama mshumaa.

Swali langu lilikuwa limekaa upande. Nilikuwa nauliza mashine inaweza nini, kumbe cha kuuliza kwanza ni ukuta wangu unaweza nini.

27 Julai

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeshanunua lile boksi la sifa?"

Nikamwambia bado, nikamwonyesha daftari. Aliisoma hesabu yangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: nitatumia rodi ya unene gani? Nikasema mbili na nusu, ndiyo niliyoizoea. Akatikisa kichwa. Kwa chuma hicho anataka 3.2, na rodi hiyo hula kati ya ampea 90 na 140. Rodi ya 4.0 inataka 140 kwenda juu, na nyumbani kwangu haitawaka vizuri, kwa hiyo niisahau. "Chuma kinene hukijazi kwa safu moja, mwanangu. Unajenga. Safu ya kwanza, unasafisha, ya pili, unasafisha, ya tatu. Anayetaka kumaliza kwa safu moja ndiye anayehitaji mashine ya mia tatu."

Kwa hiyo ninayemtafuta ni punda wa ampea 120 au 130 asiyechoka. Farasi wa mia tatu nimwache.

Hapo kuna jambo la pili kwenye kibati: asilimia ya muda wa kazi. Inapimwa kwa dakika kumi, kwenye joto la nyuzi 40. Kikisema 150 kwa asilimia 60, maana yake unachoma dakika sita, unaiacha ipoe dakika nne. Mashine nyingi hutangaza ampea zile zinazodumu dakika mbili au tatu tu. Na kibanda cha bati hapa Dodoma, mwezi wa kumi, saa nane mchana, sidhani kama kinaheshimu hizo nyuzi 40.

Nilimuuliza pia kuhusu mashine za waya, zile za kubonyeza kitufe waya ukatoka wenyewe. Ni rahisi kujifunza, wanasema. Mzee hazipendi, ila sababu zake nimezipima nikaona ni za kweli. Zinazotumia gesi zinahitaji hewa tulivu, upepo mdogo tu unaipeperusha gesi na mshono unajaa vitundu kama andazi. Mimi nitafanyia kazi uani, na nani asiyeujua upepo wa Dodoma wa Agosti? Hata kanga zinafuliwa mara mbili. Kuna waya usiohitaji gesi, wenye dawa ndani yake. Lakini mashine ndogo ya waya kwenye chuma kinene ina ugonjwa wake: mshono unalala juu kama siagi kwenye mkate baridi, unapendeza, na haujashika. Anayeanza hawezi kuugundua kwa macho. (Nitakuja kugundua kwamba hata kwa rodi inawezekana kabisa. Subirini 31 Agosti.)

Mtungi wa kabaidi, ule wa kuchomelea kwa gesi, siukaribii. Nimewahi kusikia mmoja ukipasuka nikiwa mtoto.

8 Agosti

Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Nzuguni. Vumbi, muziki, foleni ya chipsi. Nimepata ripa imeonyeshwa kwenye banda, nikapiga magoti na futi kamba hadi mhudumu akaanza kunitazama. Shina la milimita 12 kwa 60, kichwa chenye matundu mawili ya bolti za kukaa kwenye boriti ya plau, na ncha iliyoinama mbele. Ncha ni kipande cha pekee. Nilichora kila kitu isipokuwa jinsi ncha ilivyoshikwa, maana ilikuwa imefunikwa na rangi na mimi nilidhani imechomelewa. Kosa hilo lilinigharimu wiki mbili.

17 Agosti

Nimenunua. Mashine ya aina ya inveta, ya ampea 200, na kibati cha nyuma kinasema hivyohivyo: 200 kwa asilimia 35, 150 kwa asilimia 60, 118 kwa asilimia mia. Namba tatu zinazokubaliana. Inatoa umeme wa mkondo mmoja, DC, na volti za kuanzia kabla mwali haujawaka ni 68. Hiyo nayo niliitafuta kwa makusudi, kwa sababu rodi za aina ya 7018 ni ngumu kuwaka kwenye mashine yenye volti ndogo.

Bei ilikuwa zaidi kidogo ya ile "300". Ila kilichomaliza akiba ni vingine vyote: grenda ya inchi nne na nusu, mawe ya kukatia na ya kusagia, kofia yenye kioo namba 11, glavu ndefu za ngozi, brashi ya waya, nyundo ya kugongea magamba yanayobaki juu ya mshono, klampu mbili. Na nyaya. Zilizokuja na mashine zilikuwa nyepesi mno. Nilikwangua ncha kwa kisu, nikakuta ndani ni nyeupe, aluminiamu iliyopakwa shaba. Nimebadilisha zote mbili kwa shaba ya milimita za mraba 16, pamoja na kibano cha ethi kizito. Ukiniuliza leo ningegawaje laki sita, ningesema nusu kwa mashine na nusu kwa vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha.

Mke wangu sasa anajua ilikuwa laki sita.

24 Agosti

Luku. Ni mita ya umeme wa kulipia kabla. Tunakaa wapangaji watatu kwenye mita moja, tunachanga. Habari za mashine zilipofika kwa jirani wa chumba cha mbele, kikao kiliitishwa kabla sijaifungua kwenye boksi. Mama wa chumba cha kati alisema mdogo wake aliwahi kukaa na fundi, wakawa wananunua umeme kila siku.

Tukakubaliana: nasoma mita kabla na baada, tofauti ni yangu, na mwenye nyumba anaruhusu waya wa pekee. Fundi umeme amevuta waya wa milimita za mraba 6 kutoka ubao mkuu hadi uani, na swichi yake ya ampea 32, na soketi ya bluu ya viwandani. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kwa ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa moja na nusu. Kipima volti kilionyesha volti 228 mashine ikiwa imelala, na 209 nikichoma. Waya wenyewe ulikuwa wa moto mkononi. Kwenye waya mpya haishuki chini ya 222.

Mahesabu ya Luku, siku ya kwanza ya kazi ya kweli: uniti 61.4 zikawa 59.0. Rodi ishirini na mbili za 3.2, pamoja na grenda, pamoja na friji ya jirani iliyokuwa ikiendelea zake. Uniti mbili na pointi nne. Mama wa chumba cha kati aliisoma mita mwenyewe mara mbili.

31 Agosti

Leo nimepata aibu ya faida.

Nilikata vipande vya flati ba ya 12, nikasimamisha kimoja juu ya kingine kama herufi T iliyopinduliwa, nikakishona upande mmoja. Rodi ya 6013, milimita mbili na nusu, ampea 80, vilevile kama nilivyozoea. Mshono ulitoka wa kupendeza, mistari imepangana kama samaki wa Mtera, gamba likabanduka lenyewe. Nikaupiga picha nikamtumia mjomba. Akajibu kwa vidole gumba vitatu.

Mzee alikuja jioni na nyundo ya kilo mbili. Hakusema kitu. Alikibana kipande kwenye vaisi, akapiga kutoka upande usio na mshono. Pigo la pili, kipande kikalala chini na mshono wangu umebaki upande mmoja mzima kama ganda la muwa.

"Angalia hapo chini."

Pale mshono ulipokuwa umekaa, kwenye pleti ya chini, mikwaruzo ya jiwe la grenda ilikuwa bado inaonekana. Ile niliyoisaga asubuhi kuondoa kutu. Yaani chuma hakikuyeyuka kabisa. Nilikuwa nimemimina chuma juu ya chuma kama uji kwenye sahani.

Alinieleza kwa maneno machache. Pleti ya milimita 12 inanyonya joto kuliko bomba. Rodi nyembamba kwa ampea 80 inaishia kujiyeyusha yenyewe. Na kona ile ya T ni finyu, mwali unapenda kurukia ukuta ulio karibu na kuacha kona yenyewe ikiwa baridi.

Ile picha nimeifuta. Mjomba anayo.

7 Septemba

Hakuna kazi. Juzi nilikuwa natia vidoa vya kushikiza vipande bila kushusha kofia, nikifumba macho tu. "Kidoa kimoja tu," niliwaza, mara kumi na tano. Usiku wa saa sita nikaamka macho yamejaa mchanga, machozi yanatiririka. Jirani, yuleyule wa Luku, alileta maziwa ya kuniwekea machoni. Nilimshukuru, nikayatia kwenye chai. Zahanati wamenipa matone na kuniambia ni ngozi ya jicho iliyoungua, itapona kwa siku mbili. Imepona.

14 Septemba

Safari hii nimefuata utaratibu, na naweka kila hatua hapa kwa sababu ndizo nilizozitafuta bila kuzipata nilipoanza.

Shina linakutana na pleti ya kichwa kwa mwisho wake wa juu. Nimechonga kingo zake mbili kwa grenda, pande zote mbili, nyuzi 30 hadi 45 kwa kukadiria, hadi ukingo wa katikati ukabaki na unene wa milimita mbili. Kazi hiyo peke yake ilikula saa nzima na jiwe moja la kusagia. Nikaacha mwanya wa milimita mbili na nusu, nikaupima kwa kuchomeka rodi iliyobanduliwa unga wake. Nikavaa kofia. Nikashikiza.

Safu ya kwanza: 3.2, 7018, ampea 115, rodi kwenye upande wa chanya (+) wa mashine. Namba za rodi nazo zina lugha yake: 70 ni nguvu ya mshono, paundi 70,000 kwa inchi ya mraba, 1 ni kwamba inafanya kazi katika mikao yote, na 8 ni aina ya unga wake, ule wenye unyevu mdogo. Ile 6013 yetu ya kila siku ni 60,000. Tofauti ya nguvu siyo iliyonifanya nibadilishe. Kilichonivuta ni huo unyevu, na sababu yake itaonekana baada ya wiki mbili.

7018 ina kiburi. Haipendi mwali mrefu, unaikaribisha hadi karibu iguse. Ukikatisha katikati, ncha inajifunga kwa gamba la kioo, ukijaribu kuiwasha tena inakwama, unatikisa, unatukana kimoyomoyo. Nilipoteza rodi sita kwa kujifunza kuikwangua ncha kwenye kipande cha chuma chakavu kwanza. Ila ikikubali, unaona dimbwi la chuma likiingia kwenye kingo zote mbili, na hapo ndipo nilipojua siku ile ya 80 sikuwa nimeona dimbwi. Nilikuwa nimeona mwanga tu.

Safu ya pili na ya tatu ampea 125, nikibadilisha upande kila mara ili shina lisivutwe kwenda kulia. Katikati ya safu nagonga gamba, napiga brashi hadi chuma king'ae. Mashine haikuzima hata mara moja. Muda ninaotumia kugonga na kupiga brashi ndio mapumziko yake.

Kipande cha majaribio mzee alikipiga mara kumi na moja. Kiliinama hadi nyuzi 50 hivi, mshono ukiwa mzima. Akakiangalia, akakitupa kwenye rundo la chakavu, akauliza chai iko wapi.

28 Septemba

Sasa ncha. Udongo wa Kongwa unakula chuma, na si jambo geni. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga mwaka 1947 walikuta mchanga mkali unaomaliza majembe ya matrekta, na udongo ambao kiangazi ukikaza ni kama tofali la kuchoma. Mwaka 1951 walifunga virago. Chuma laini pale kitaisha kabla ya ekari. Kwa hiyo nimenunua jani la springi ya Fuso kwenye chuma chakavu, upana milimita 70, gumu kiasi kwamba jiwe la grenda linateleza likipiga kelele.

Nililikata, nikalinoa, nikalichomelea kwenye mguu wa shina kwa 7018 zilezile na utaratibu uleule. Jioni lilikuwa zuri. Sikulipiga picha, nimejifunza.

29 Septemba

Asubuhi nimekuta ufa. Unywele mmoja tu, hauko kwenye mshono, umekaa pembeni yake, upande wa springi, umefuata mshono kama kivuli. Sikuuamini. Nikapaka mafuta ya taa, nikafuta, nikapaka unga wa chaki ya shule. Baada ya dakika chache mstari mweusi ukajitokeza kutoka ukingo hadi ukingo. Nikauvunja kwa mkono, kwa nyundo ndogo ya magamba.

Mzee alikuwa anajua. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza, na nadhani alitaka kuona. Chuma laini kina kaboni chini ya robo ya asilimia, springi ina karibu 0.6. Ukiichoma ikiwa baridi, chuma kinene kilicho pembeni kinanyonya joto haraka, na ule ukanda wa jirani unakaza kama glasi. Halafu unyevu wowote uliokuwa kwenye rodi unaacha haidrojeni ndani, inatafuta pa kutokea, na inaweza kuchukua saa kadhaa au hata siku mbili. Ndiyo maana jioni lilikuwa zima.

Pakiti yangu ya 7018 ilikuwa wazi tangu wiki mbili, kwenye rafu, bila kifuniko. Mzee huanika rodi zake juani. Kwa 6013 inatosha. Hizi ukishaziacha zinyonye unyevu zinataka oveni ya nyuzi 350 kwa saa nzima, kitu ambacho hakuna mtu mtaani kwetu anacho. Nimenunua pakiti ndogo iliyofungwa, na ndoo yenye kifuniko cha kubana.

5 Oktoba

Nimejaribu njia sahihi, kwa ajili ya kujua tu. Majiko mawili ya mkaa, springi na mguu wa shina katikati, nikipepea. Joto ninalotaka ni nyuzi 200 na zaidi kidogo. Kipimo sina, ila waya wa risasi wa mafundi redio huyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190. Unaugusisha kwenye chuma, mbali na mshono, ukilainika na kutiririka umefika. Nikachomelea kukiwa na moto hivyo, nikazika kitu chote kwenye ndoo ya majivu hadi kesho yake. Siku ya pili, chaki haikuonyesha kitu. Siku ya tatu pia.

Kwa hiyo inawezekana. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikajiuliza: ncha ikiisha, mjomba atafanyaje? Atanipigia simu. Nitapanda basi na inveta mapajani, kijiji hakina umeme wa kuiwasha, na majiko mawili ya mkaa.

Nikarudi kwenye mchoro wa Nzuguni. Ile rangi ilikuwa inaficha bolti.

19 Oktoba

Jani la springi lina tundu tayari, la pini ya katikati. Sikuhitaji kutoboa chuma kisichotoboleka. Nimekata kipande kirefu tundu likiwa katikati hasa, nikanoa ncha zote mbili. Kwenye mguu wa shina nimechomelea pleti ya chuma laini ya milimita 12, yenye tundu moja na vizuizi viwili pembeni ili ncha isizunguke. Bolti ya kulijaza tundu, nati, na nati ya pili ya kuifunga ya kwanza. Mishono yote ni chuma laini kwa chuma laini, vitu ninavyoviweza. Springi haijaguswa na moto.

Kichwa kilivutwa milimita tatu kwenda kushoto pamoja na ubadilishaji wote wa pande. Nilikinyoosha kwa kukibana na kukipiga. Mashimo ya boriti mzee alinitobolea kwa drili yake ya kusimama. Rangi ya bluu, kwa sababu ndiyo iliyobaki stoo.

9 Novemba

Kibaigwa kwa basi, bodaboda hadi kijijini, ripa imefungwa kwa mpira wa tairi mgongoni kwangu kama bunduki. "Mbukwenyi!" Wakaitikia watu kumi na mmoja. Nilikuwa nategemea mjomba na ng'ombe.

Ng'ombe wawili, kijana mbele, mjomba nyuma. Mita ishirini za kwanza ilikuwa inaelea juu, hadi tukaongeza urefu wa mnyororo. Ikazama. Sauti ilibadilika, ikawa kama kitambaa cha turubai kinapasuliwa, na madongoa makubwa kama vichwa vya watoto yakaanza kuinuka pembeni. Nilipima kwa rula: sentimita 17. Mstari wa tatu tukakutana na mzizi wa mgunga. Ng'ombe walisimama ghafla, mjomba akaangukia mpini, fremu ikalia. Nilikimbia nikiwa na chaki mfukoni.

Kilichoachia ni bolti ya zamani ya plau, ile iliyokuwa na kutu kabla mimi sijazaliwa. Mishono nimeipaka mafuta ya taa na chaki mbele ya wote, tukasubiri, mzee mmoja akauliza kama ni dawa. Chaki ilibaki nyeupe.

24 Novemba

Mjomba kapiga simu. Mbukwa, mbukwa. Ameshapasua ekari mbili na robo, yake na ya shemeji yake. Mawingu yanajikusanya upande wa Mpwapwa. Ncha imeliwa sentimita mbili na imekuwa butu kama kidole.

Nikaanza kumweleza kuhusu basi la Jumamosi.

"Wa nini?" akasema. "Nimefungua nati, nimeigeuza. Si ina ncha mbili?"